Ngozi Isiyosikia Moto

Wadogo zangu wauguzi, siku ile mliponikatia keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi ya kumfanya mgonjwa atulie. Mlimchagua mtu asiyefaa. Mimi mwenyewe sijawahi kutulia. Kile kiti cha kulala mlichonipa, chenye mkono wa kuvuta ukajikuta miguu iko juu, kipo hapa sebuleni kwangu Kenmore, kando ya Buffalo, na mpaka sasa kinakaliwa na nguo zinazosubiri pasi. Nimeanza kuandika haya mezani, nikainuka kuangalia kama theluji imeziba njia, nikarudi, nikainuka tena kwa sababu nilidhani nimesahau jiko. Sikuwa nimelisahau. Binti yangu Wakesho, anayeishi Amherst, jirani hapa, hupiga simu kila siku kunichunguza.

"Mum, please, kaa chini kidogo. You're retired."

Namwambia nimekaa, huku nimesimama.

Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia watu waliopasuliwa kwa hiari yao. Si waliogongwa na magari, si waliooza figo. Ni waliotaka tumbo lirudi ndani, kope zisiwaangukie machoni, matiti yasiwavunje mgongo. Nilipoeleza jambo hili nyumbani Taita, shangazi yangu aliuliza kama watu hao hawana kazi za kufanya. Wanazo, shangazi, tena nyingi. Ndiyo maana hawaponi vizuri: wanataka kuzirudia kabla uzi haujashika.

Nilikuja Marekani, mji wa Louisville, kusomea uuguzi, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa katika kliniki ndogo ya upasuaji wa urembo. Niliona aibu. Wenzangu niliosoma nao walikwenda kwenye vyumba vya dharura, wakawa na hadithi za risasi na mshtuko wa moyo. Mimi nilikuwa na hadithi za pua. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikazunguka jengo lile mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Aliyenipokea aliitwa Miss Verna, mama Mwamerika mweusi, mzaliwa wa mji ule ule, mwenye mwili mkubwa na mwendo wa pole kama aliyebeba sufuria ya uji iliyojaa. Mwendo ule ulinitesa. Nilikuwa nikifika mlangoni, nageuka, naye bado yuko katikati ya ukumbi. Alinipeleka kwa mwanamke aliyekuwa amekazwa tumbo, akamwomba atazame dirishani na aseme akiguswa. Kisha akaniambia nimguse chini ya kitovu, kwa mgongo wa mkono.

Nikamgusa. Mwanamke alikuwa anatusimulia habari za mbwa wake aliyekula soksi, akaendelea kusimulia. Nikakandamiza kidogo. Mbwa akaendelea kula soksi. Miss Verna akaniashiria nihamishe mkono juu, karibu na mbavu, na hapo ndipo mwanamke akasema, "Aa, sasa umenigusa."

Tulipotoka nje, Miss Verna akasimama. Alikuwa hawezi kutembea na kufundisha kwa wakati mmoja. "Ngozi ipo, mwenyewe hayupo," alisema. "Daktari ameiinua na kuivuta, mishipa imekatika. Itachukua miezi mingi kurudi, na mingine hairudi. Mpaka hapo, wewe ndiye unayesikia kwa niaba yake. Ukimgusa, muulize kila mara: unasikia? Na asiposikia, wewe usikie mara mbili."

Nilidhani ni somo dogo. Nilitaka anifundishe kubadilisha dripu.

Mengine aliyonifundisha nayaandika jinsi yanavyonijia. Mgonjwa akisema yuko sawa, usimjibu, mtazame anavyoinuka kitandani. Aliyekazwa tumbo alale magoti yakiwa juu ya mito na mgongo umeinuliwa, na atembee ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Akijinyoosha mapema kwa sababu ya maringo, mshono utavutika. Lakini atembee, siku ile ile, hata kama analia, kwa sababu damu ikiganda mguuni na kupanda kwenye mapafu, hakutakuwa na tumbo la kusifia. Mirija ya kutolea majimaji, ile yenye kipira mwishoni, ifungwe kwenye nguo kwa pini. Ikining'inia tu, itanasa kwenye kitasa cha mlango na utasikia kelele mpaka barabarani. Mkanda wa kubana uvaliwe, usije ukawekwa kabatini kwa kuwa unawasha. Choo kigumu kitamwumiza kuliko kisu, kwa hiyo maji, mboga, na asione haya kusema.

Na kioo kifunikwe. Siku za mwanzo mtu amevimba, ana michubuko, anaonekana vibaya kuliko alivyokuja. Kuna siku fulani baada ya dawa za usingizi kwisha mwilini ambapo karibu wote hulia na kuuliza kwa nini walifanya hivi. Miss Verna aliwaletea supu siku hiyo. Hakuwaambia watapendeza. Aliwaambia, "Leo ni siku ya kulia. Kesho si siku ya kulia." Sijawahi kuona dawa iliyofanya kazi vizuri zaidi.

Na hili ni lenu hasa, ninyi mnaohudumia watu wa kwetu: kwenye ngozi yetu msitafute wekundu. Picha za vitabuni zote zilikuwa za ngozi nyeupe. Sisi tunang'aa, tunakuwa weusi zaidi, tunakuwa na rangi ya zambarau, na kabla ya rangi huja joto. Mgongo wa mkono wako utajua kabla ya macho.

Kutoka Louisville nilihamia Columbus, kwa sababu marehemu mume wangu alipata kazi ya kufundisha huko, na pia, niseme ukweli, kwa sababu miguu ilikuwa inaniwasha. Kliniki niliyoajiriwa ilikuwa na nyumba ya kupumzikia wagonjwa mtaa wa Clintonville, nyumba ya kawaida yenye varanda na bustani, ambako watu walikaa siku chache kabla ya kurudi kwao. Zamu ilikuwa ya mtu mmoja. Nilizunguka vyumba vile mpaka mgonjwa mmoja akanipa jina la Feni, kwa kuwa, alisema, nazunguka chumba kizima bila kwenda popote.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba adui wa kupona si maumivu. Ni siku mtu anapoacha kuumwa. Nilikuwa na mwalimu mstaafu aliyerekebishwa kope, mtu mpole sana, akaona leo yuko safi, akainama kufunga kamba za viatu. Kuinama tu. Damu ikajaa nyuma ya jicho, tukarudi kwa daktari mbio. Aliniambia ndani ya gari, jicho limefumbwa, kwamba alitaka kwenda kunitafutia maua ya kunishukuru. Nilimwambia maua yangu ni yeye kukaa. Nilimwambia hivyo nikiwa nagongagonga usukani kwa vidole kwenye taa nyekundu.

Mume wangu alipofariki, nyumba ya Columbus ikawa kubwa kunizidi, nikamfuata Wakesho Buffalo. Hapo nikafanya kazi ya kutembelea wagonjwa majumbani, na kazi hiyo ilinifaa kuliko zote: natoka, naingia, natoka. Wengi walikuwa Amherst na Kenmore, watu wa magari mawili na mbwa. Wachache walikuwa ng'ambo ya mji, kwenye nyumba za ghorofa mbili za mbao wanakopanga watu wetu. Huko ndiko nilikompata Goreth.

Goreth alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Aliletwa Buffalo pamoja na mama yake, akaolewa hapa, akazaa watoto wanne, wawili wa mwisho wakiwa mapacha. Alipakia maboksi ghalani. Mapacha walipotoka, misuli ya tumbo iliachana na haikurudi, na kitovu kikatoka nje kwa ngiri. Daktari alitengeneza ngiri, akaunganisha misuli, na kwa kuwa Goreth alilipia nyongeza mwenyewe, akaondoa ngozi iliyoning'inia na kukaza iliyobaki. Hiyo nyongeza ndiyo iliyokuwa siri.

Siku ya kwanza nilipomtembelea aliomba nifunge mlango wa chumba.

"Mama Rhoda, mume wangu anajua. Mama yangu anajua ni ngiri tu," alisema. "Naomba yabaki hivyo."

"Kwa nini?"

Alitazama dari. "Kanisani wamama waliniwekea mikono tumboni, wakaniombea nijifungue salama. Sikuwa na mimba. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikasema amina, nikaenda chooni nikalia. Sasa nikamwambie mama kwamba tumbo hili lilikuwa linaniaibisha? Yeye ndiye aliyenikanda kila nilipojifungua, kila asubuhi, mpaka mikono yake inatetemeka. Ataona nasema mikono yake haikufanya kazi."

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hiyo hata msiniulize. Nikafungua mlango.

Mama yake, Mama Anastazia, alikuwa jikoni na mjukuu mgongoni. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, mwembamba, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni, na alikuwa na macho ya mtu anayejua kazi yake. Nilimweleza yote niliyoruhusiwa kueleza: asinyanyue mtoto, asinyooke, asiogeshwe, bandeji isiguswe. Karatasi ya maelekezo ya kliniki ilikataza pedi za umeme na chupa za maji ya moto, nikamsomea hayo pia, na Mama Anastazia akasema hawana vitu hivyo ndani ya nyumba. Alisema kweli. Karatasi haikusema neno juu ya beseni na taulo. Aliyeiandika hakuwahi kukandwa.

Kidonda kilianza vizuri. Mirija ikatolewa, bandeji ikapunguzwa, Goreth akawa anazunguka meza ya chakula ameinama, mkono kwenye kiti. Kila nilipomgusa chini ya kitovu nilimuuliza, "Unasikia?" Naye alijibu, "Hapana, mama." Nikaendelea kusikia mimi.

Kisha ikaja wiki ya theluji nzito. Shule zilifungwa. Nilipofika, mlango ulifunguliwa na Daniella, binti mkubwa wa Goreth, simu mkononi.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza.

"In the room. Grandma's doing the hot water again."

Alisema hivyo kama anavyosema bibi anapika. Mimi nilisikia neno moja tu la mwisho: tena. Bibi anamkanda mama kwa maji ya moto, tena. Nyumba ile hakuna anayeingia na viatu, na mimi sijawahi kuingia nyumba ya mtu na viatu tangu nizaliwe. Siku hiyo nilipita sebuleni na mabuti yenye theluji.

Goreth alikuwa amelala chali, mkanda umefunguliwa. Beseni lilikuwa kando ya kitanda, mvuke unapanda, na Mama Anastazia alikuwa anakamua taulo. Lililonitisha si mvuke. Ni kwamba Goreth alikuwa anasimulia. Alikuwa anamwambia mama yake habari za supavaiza wao aliyenaswa kwenye lifti, na taulo lilipoteremka tumboni mwake hakushtuka, hakupepesa, akaendelea na lifti. Nikamwona yule mwanamke wa Louisville na mbwa wake.

"Mama, acha! Toa hilo taulo!"

Mama Anastazia aliniangalia kama nimemtukana. "Mbona unanipigia kelele? Tumbo lililofunguliwa linakandwa. Nimemkanda kwa watoto wote wanne."

Nilitia kidole ndani ya beseni nikakitoa haraka. Nikainama kutazama. Chini ya kitovu, juu kidogo ya mshono, ngozi ilikuwa inang'aa, nyeusi kuliko jirani yake, na malengelenge mawili yalikuwa yameshatunga.

"Kwani kuna nini?" aliuliza Goreth. Akainua kichwa, akaona. "Lakini siumwi! Mama Rhoda, mimi siumwi. Nilidhani maji yamepoa."

"Nilikukataza joto."

"Nilijua. Nilishindwa kumkatalia." Alianza kulia. "Ningemwambia nini? Siku zote huwa nakandwa."

Niliweka kitambaa cha maji ya kawaida, si barafu, barafu nayo huunguza ngozi ya namna hiyo. Nikampigia daktari simu, nikamfunga Goreth mkanda wa gari juu ya mto, tukaenda. Daktari alitazama, akabonyeza kwa kidole, akatazama tena. Mwisho alituambia wazi. Ngozi iliyovutwa hupata damu kidogo, na sasa imeungua. Inaweza kuishi. Inaweza kufa. Ikifa na kuenea, ataikata, na hakuna ngozi ya kuvuta tena kuziba, kwa hiyo kidonda kitabaki wazi kwa miezi. Akachukua kalamu, akachora mstari kuzunguka sehemu nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kutazama kama weusi utavuka mstari.

Miezi ya kidonda wazi maana yake ghalani wangempa mtu mwingine nafasi yake. Lakini njiani kurudi Goreth hakuzungumzia ghala. Alisema, "Mama akijua ameniunguza, atakufa."

Alikuwa ameshajua. Tulimkuta jikoni, mikono mapajani. Beseni alikuwa amelifunika juu chini, chini ya sinki.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mlipotaka ushauri wangu na mimi sina. Siku zile zilinitoa akili. Hakuna dawa ya kusubiri ngozi. Unabadilisha bandeji, unapaka dawa, unaangalia mstari, unaondoka. Nilikuwa nikiondoka, nafika taa ya pili, nageuza gari kwa kisingizio kwamba nimesahau mkasi. Nilisafisha friji ya Wakesho, ambayo haikuwa chafu. Nilikwenda pale hata siku zisizo zamu yangu, nikisema nilikuwa napita, na nyumba ile haiko njiani kwenda popote. Niliogopa. Naliandika neno hilo lote kwa sababu mlidhani mimi siogopi.

Weusi ulikaa ndani ya mstari, ukakaa, ukasogea kidogo upande mmoja, ukasimama tena. Roho yangu ilikuwa juu. Na kila nilipopita jikoni, Mama Anastazia alikuwa kwenye kiti kile kile. Hakuingia tena chumbani kwa binti yake. Daniella ndiye aliyepeleka chai. Siku moja niliona sahani yake haijaguswa, na ya jana yake ilikuwa bado kando.

"Mama, kula kidogo," nilimwambia.

Alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama. "Hii," alisema. "Hii ndiyo imemkaanga mwanangu. Alikuwa ametengenezwa vizuri ngiri yake, nikaja mimi."

Maneno yalinijaa mdomoni. Ningeweza kumwambia kwamba si ngiri peke yake, kwamba ngozi hiyo ilivutwa na mishipa kukatwa, kwamba maji yale yale juu ya tumbo lililozaa tu yasingefanya kitu. Sikuwa na ruhusa. Niliingia chumbani nikafunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Goreth, siri yako sitaigusa. Lakini mama yako hali. Anadhani amekuua."

Goreth alisukuma shuka kando. Akaomba nimsaidie kuinuka. Akatoka ameinama hivyo hivyo, mkono mmoja ukutani, akaenda kukaa mbele ya mama yake. Mimi nilibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, sijui niende wapi.

"Mama," alisema, "sikupasuliwa ngiri tu. Nilimwambia daktari aondoe na ngozi. Nilitaka tumbo. Nililipia mwenyewe. Ndiyo maana sikusikia moto. Wewe hukujua kwa sababu mimi sikukwambia."

"Ulitaka tumbo," alisema mama yake.

"Nilikuwa naona aibu, mama. Na niliona aibu kukwambia, kwa sababu ulinikanda sana. Si mikono yako. Mikono yako haina kosa."

Mama Anastazia alisukuma kiti nyuma. Kisha akasimama. Akafungua kitenge chake, akakiweka kwenye meza. Chini yake, juu ya gauni la ndani, alikuwa amefungwa kitambaa kingine, kirefu, kimepauka hata rangi haijulikani, kimezungushwa tumboni tena na tena. Akaanza kukizungusha kukitoa. Kilikuwa hakiishi. Tumbo lilipokuwa huru liliteremka, nalo lilikuwa lile lile la Goreth, lile la kabla ya kisu.

"Nilikifunga nilipomzaa kaka yako, kule kambini," alisema. "Sijaacha asubuhi hata moja. Hata kwenye ndege ya kuja huku nilikuwa nimekifunga."

Goreth alikuwa ameshika mdomo. "Ulisema ni mgongo! Miaka yote ulisema unaumwa mgongo!"

"Sasa ningesema nini? Mtu mzima, mkimbizi, chakula cha kupanga foleni, nianze kusema nataka tumbo?"

Walitazamana. Sijui nani alianza. Nilichosikia ni kicheko, na mimi nikarukia mto wa kochi, nikaukandamiza tumboni mwa Goreth. Hili liandikeni: mgonjwa wa tumbo akicheka, akikohoa, akipiga chafya, mto ushikiliwe juu ya mshono. Nilikuwa nimepiga magoti nimeshikilia mto, wao wanacheka na kulia juu ya kichwa changu, nami nikalia pia, sina sababu ya kuficha.

Jioni ile Mama Anastazia alikula.

Weusi haukuvuka mstari. Kipande chembamba kilikufa, daktari akakikata, kidonda kikajifunga chenyewe polepole na kuacha kovu lisilo zuri. Kilichozunguka kilibaki na joto la ngozi iliyo hai. Ghalani walimtafutia kazi ya kukaa, ya kubandika lebo, mpaka akapona. Nimewaona wagonjwa waliopona vizuri zaidi kwenye nyumba zenye ngazi za marumaru, lakini sijaona aliyetunzwa vile. Mama Anastazia alishika mambo yote. Alitaka kujua kwa nini, si nini tu, na nilipokuwa nikimweleza alinirudisha nyuma mpaka aelewe. Alitembea na binti yake kuzunguka meza ya chakula, na kwa kuwa Goreth alitembea ameinama, na yeye aliinama, wamama wawili wanatafuta sindano ile ile. Nilimfundisha kugusa kwa mgongo wa mkono. Nilimfundisha kupima maji kwa kiwiko kabla hayajakaribia mtu yeyote, hata mapacha.

Siku yangu ya mwisho kwao nilikuta beseni liko katikati ya sebule, lina mvuke. Nilishtuka nikaruka kama nimeona nyoka.

"Tulia," alisema Mama Anastazia. "Si ya Goreth. Ni yako. Kaa."

"Mama, nina mgonjwa mwingine Amherst."

"Mgonjwa wa Amherst ana kitanda. Mdogo wangu, tangu uingie nyumba hii sijakuona umekaa. Vua soksi."

Hakuna aliyekuwa ameniita mdogo wangu tangu niondoke nyumbani. Nikakaa. Nikavua soksi, na niliona aibu, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba, mishipa imesimama, miguu ya mtu aliyesimama Louisville, akasimama Columbus, akasimama Buffalo. Yeye hakusema kitu juu yake. Alikunja mkono wa gauni, akatia kiwiko ndani ya maji, akatikisa kichwa, akaongeza ya baridi. Akatia kiwiko tena. Ndipo akalowesha taulo, akalikamua, akaliweka juu ya mguu wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Unasikia?" aliuliza.

Swali hilo nimewauliza watu maisha yangu yote ya kazi. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniuliza mimi. Nilisahau kujibu, naye hakuendelea. Alisubiri, taulo mkononi, jinsi nilivyomfundisha: asiyejibu asiguswe tena mpaka ajibu.

"Nasikia, mama."

"Na hapa?"

"Na hapo nasikia."